Kanda Niliyompangulia Aikande

Vijana wangu mnaopiga muziki kwenye harusi za siku hizi, mkinikuta pale sokoni Kiboriloni mnaniamkia shikamoo, naitika marahaba, kisha hamwondoki. Mnataka kujua tulichanganyaje nyimbo wakati hakuna kompyuta. Juzi mmoja wenu aliniuliza kama ni kweli tulikuwa tunatumia kalamu. Ni kweli kabisa. Kalamu ya wino yenye pembe sita unaichomeka kwenye tundu la kaseti, unazungusha taratibu mpaka utepe uliolegea ukaze, vinginevyo mashine itautafuna na mteja atakulilia.

Nitawaeleza hayo na mengine. Ila mjue mapema kwamba katikati ya habari hizi za kalamu na kaseti yupo mwanamke mmoja fundi cherehani, anaitwa Aikande, na nimemwonea wivu kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Alikuwa na jina zuri katika kazi ambayo hata haikuwa yake, na mimi nikaamua kumharibia.

Nilikuwa na chumba kimoja kwenye baraza refu la maduka palepale sokoni. Mlangoni nilijiandikia kwa rangi nyekundu, DJ KISHINDO, TUNAREKODI NYIMBO ZA AINA ZOTE. Nilianza miaka ile vitu viliporudi madukani. Kabla ya hapo hata betri za redio ulizitafuta kwa kujuana. Mara tukaanza kuona mitumba, sabuni za rangi rangi, na redio za kaseti zenye milango miwili, hizo ndizo zilizonitoa. Sahani za santuri na kaseti zilikuja kwa njia ya Holili, mpakani, zimeviringishwa ndani ya marobota ya nguo. Mteja aliniletea kaseti tupu na karatasi yenye majina ya nyimbo, kesho yake anachukua. Jumamosi nilifunga duka, nikapandisha spika mlimani kwenye harusi na kipaimara.

Mambo ya kushika ni haya. Ukimaliza kurekodi, vunja vile vijino viwili mgongoni mwa kaseti, ili mtoto wa mteja asije akabonyeza na kurekodi kikohozi chake juu ya kazi yako. Ukitaka kuirudia, ziba matundu kwa karatasi iliyokunjwa. Kichwa cha mashine kinasafishwa kwa spiriti na pamba. Usitumie mate na ncha ya shati. Nimewahi kutumia mate, na harusi nzima ya Kahe ilisikiliza nyimbo kana kwamba mwimbaji yuko ndani ya pipa. Na mlimani chunga jenereta. Likichoka, wimbo nao unachoka, mwanamke anaanza kuimba kwa sauti ya mzee wa kanisa. Chomoa taa za mapambo kwanza, usihangaike na vitufe.

Aliyenifundisha ni Fundi Saidi, mtengeneza redio wa mjini, mtu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alinifundisha kuunga nyaya na kusikiliza mlio wa spika inayotaka kufa. Alikuwa akiniambia, "Wewe unaangalia sahani inavyozunguka. Angalia miguu ya watu, kazi yako iko pale." Nikaitikia kwa adabu, nikaendelea kuangalia sahani, kwa sababu ilikuwa inang'aa.

Sasa kanda ya mchanganyiko. Leo mnabonyeza, nyimbo zinakuja zenyewe. Kwetu ilikuwa kaseti ya dakika tisini, arobaini na tano kila upande, na ndani yake uweke soul, disko, rege, na hausi ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inaingia na wazee wakasema ni mashine ya kukoboa iliyopata mwimbaji. Nyimbo kila mtu anaweza kuwa nazo. Kazi ni kujua upi unafuata upi, ili msikilizaji asishtuke wala asisinzie. Kazi hiyo mimi sikuijua, na sikujua kwamba siijui.

Aikande alikuwa mlango wa tatu kutoka kwangu. Cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu aliiweka nje barazani apate mwanga. Kwao ni Mwika kama kwetu, tulisali kanisa moja. Kutwa nzima alisikiliza nilichopiga, apende asipende. Asubuhi moja alisimama mlangoni kwangu na futi shingoni.

"Kishindo, hizo nyimbo zako zinanivunjia sindano."

"Zinavunjaje sindano na ziko huku?"

"Ule wa kwanza ulikuwa mwendo wa pindo. Huu uliofuata ni mwendo wa sare za shule. Mguu wangu haujui umfuate nani. Weka mwingine hapo katikati."

Nilicheka. Alipoondoka nikajaribu. Nikaweka mwingine hapo katikati, na wimbo wa kwanza ukamkabidhi wa pili, huo ukamkabidhi wa tatu, hukusikia mlango ukifungwa wala kufunguliwa. Wateja wawili waliokuwa wamesimama nje waliacha kuongea. Nikasimama pale na furaha ya sekunde kama tano hivi, kisha wivu ukaniingia.

Alikuwa na hesabu yake. Soul nyingi aliziita mwendo wa pindo, kwa sababu pindo hulikimbizi. Rege ilikuwa mwendo wa kuunga mabega, unakanyaga, unaacha, unakanyaga. Disko ni sare za shule, mwezi wa kwanza, dazeni mbili zinasubiri. Hausi aliiita mteja yuko mlangoni. Kila wimbo niliopiga alijua ni wa fungu gani kabla mwimbaji hajafungua mdomo, na wakati huohuo anashona kola.

Kwa muda nilimwuliza kwa ujanja, kana kwamba napiga soga tu. Anajibu, nami narekodi, naandika Kishindo juu ya ganda. Kanda zangu zikapendwa. Lakini Kiboriloni haina siri. Watu wakaanza kufika dirishani na kuniuliza, "Hii umeipanga wewe au kaipanga yule dada wa cherehani?" Nikiwaambia ni mimi, wananiangalia kwa huruma, wanairudisha, wanachukua nyingine.

Vijana, wivu wa kazi ni mbaya kuliko wa mapenzi. Wa mapenzi angalau unaweza kuhama mtaa. Mimi nilikuwa na amplifaya, spika nne, milango miwili ya kaseti na santuri sanduku zima. Yeye alikuwa na mguu. Kuna wiki nilirekodi kwa vipokea sauti masikioni tangu Jumatatu hadi Ijumaa ili asisikie chochote. Kanda za wiki ile zilirudishwa zote. Mzee mmoja wa Kahe alisema yake ilimfanya ajisikie anashuka ngazi ambazo hazilingani.

Basi akaja Ndeshi. Alikuwa binti wa kwetu Mwika, anaolewa Desemba, watu wakiwa wamerudi nyumbani kutoka kila mahali. Aikande ndiye aliyemshonea gauni. Ndeshi aliingia dukani kwangu, akanisalimia vizuri, akasema, "Kaka Kishindo, kanda ya harusi yangu nataka aipange dada Aikande. Wewe utarekodi tu."

Nikajibu hakuna shida. Usiku ule sikula.

Aikande aliniletea mpangilio wake kwenye karatasi la kaki, lile la kukatia mitindo, ubavuni kuna nusu ya kola imechorwa. Alikuwa ameipanga harusi nzima. Soul wakati wa chakula. Disko wakati ndafu anaingizwa, maana mbuzi mzima wa kuchoma anabebwa na vijana wenye nguvu na wanataka kuringa. Wakati wa zawadi aliandika rege tatu mfululizo. Mnajua zawadi zetu, ukoo unaingia kwa mstari, unacheza, kila mtu na alichobeba. Alinieleza akiwa amesimama, kidole kwenye karatasi.

"Shangazi mwenye godoro kichwani anahitaji wimbo unaomsubiri anyanyue mguu. Hapa usinibadilishie, Kishindo."

"Nibadilishe nini? Mimi si narekodi tu."

Hakusikia nilivyolisema neno hilo, au alijifanya hakusikia.

Nilirekodi siku mbili baadaye. Nilifuata karatasi neno kwa neno mpaka nilipofika kwenye zawadi. Hapo nikazitoa rege zote tatu, nikaweka hausi tatu, za kasi kuliko zote nilizokuwa nazo. Nilijiambia nachangamsha shughuli, nikijua najidanganya. Nilitaka MC akitaja jina la Aikande, litajwe na aibu juu yake. Na msidhani lilikuwa jambo la kuponyoka. Enzi zile wimbo wa dakika sita unarekodiwa kwa dakika sita, huwezi kuukimbiza. Nilikuwa na dakika kumi na nane za kujirudi, nikazitumia kunywa chai.

Harusi ilikuwa uani kwao Ndeshi, katikati ya kahawa na migomba, jua linawaka. Chakula kilikwenda vizuri ajabu. Soul zile zilishuka juu ya sahani za machalari, zile ndizi zetu za nyama, na watu wakatulia, hata wanaogombeaga viti. Nilisimama nyuma ya mashine nikaona jinsi watu wanavyotafuna kwa mpangilio, na wivu ukanipanda upya. Ndafu akaingia na disko, vijana wakaringa. MC akashika kipaza sauti, akasema, "Ndugu zangu, kanda hii mnayoisikia imepangwa na dada yetu Aikande, fundi cherehani wa Kiboriloni. Mpigieni makofi." Wakapiga. Aikande alikuwa meza ya tatu, amevaa gauni la bluu alilojishonea. Aliinama kidogo akatabasamu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza jina lake kutajwa kwenye kipaza sauti.

Kisha zawadi. Mashangazi wa Mwika walikuwa wamejipanga nje ya lango, kama ishirini hivi, wa mbele na godoro kichwani, wa pili na sufuria zilizoingizwa moja ndani ya nyingine, mwingine na mkungu wa ndizi, mwingine na kabati dogo la vyombo kwa kusaidiana na binti yake, na mbuzi kwa kamba. Nyuma kabisa alikuwa bibi yake Ndeshi na blanketi. Hausi ikaanza.

Shangazi wa godoro alijaribu kusubiri mguu. Hakuna cha kusubiri. Akapiga hatua mbili za kawaida, ya tatu ikawa fupi, ya nne ikawa mbio. Wa nyuma yake wakaona mstari unawaacha, wakafuata. Sufuria zilikuwa zinagongana kufuata ngoma ya wimbo. Binti wa kabati alikuwa mbele, mama yake nyuma, kila mmoja anavuta kwake. Mbuzi alijitoa kwenye mkono wa mtu, akamfikia bwana harusi kabla ya zawadi zote. MC alikuwa anasoma orodha, "Sasa anakuja shangazi mkubwa kutoka," na shangazi mkubwa amekwisha kukaa. Shughuli iliyopangiwa nyimbo tatu iliisha wimbo wa pili haujakolea. MC aliniashiria nizime. Nilijifanya natafuta kitufe.

Mwishowe nikazima. Baba yake Ndeshi, mzee wa kanisa, alisimama taratibu.

"Nauliza tu," alisema. "Muziki huu wa kukimbiza mama zetu umepangwa na nani?"

Kila mtu alikuwa amelisikia jina dakika chache kabla. Hakuna aliyenitazama mimi. Aikande alisimama kabla MC hajajibu.

"Ni mimi, baba. Nisameheni."

Akakaa. Nilikuwa na kipaza sauti cha pili mkononi, kimewashwa. Nikakizima.

Jumatatu alihamisha cherehani yake baraza la upande wa pili wa soko. Hakuniaga. Harusi mbili za Januari zilizokuwa zimemwomba apange kanda zilikuja kwangu. Nikachukua lile karatasi lake la kaki, nikarekodi kila kitu kama alivyoandika, rege mahali pake, nikaweka sauti yangu juu, "Kishindo, Kishindo." Kanda hiyo ilifika Kahe, ikafika Himo, ikapigwa kwenye saluni za mjini. Nilitembea nimeinua kidevu. Nilikuwa nimeshinda.

Desemba iliyofuata nilipandisha spika Mwika kwenye harusi nyingine. Zawadi zinakaribia, akanijia kijana mmoja wa kamati.

"Kaka, mashangazi wanauliza kama unazo zile za kwa Ndeshi."

"Zile zipi?"

"Zile za kukimbia. Bibi yake Ndeshi amewaambia hajawahi kufurahi hivyo tangu mzee afariki. Anasema kwa hausi ile magoti yaliacha kuuma. Tuwekee Aikande, kaka."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikaweka. Mashangazi wakaingia mbio, wanacheka, vitenge vinapepea, na safari hii walikuwa wamejiandaa, wamevaa raba. Uwanja mzima ulisimama kushangilia. Mwaka uliofuata mtindo huo ukashuka Kiboriloni. Baadaye nilikwenda Kahe, nikakuta watu wanaovuna mpunga, wasiojua hata Mwika iko upande gani, MC wao anasema, "Tayarisheni zawadi, wajomba, tunaingia na Aikande."

Na mpiga muziki ni nani? Ni mimi. Jumamosi baada ya Jumamosi nilibonyeza kitufe kwa kidole changu, nikalisikia jina lake kwenye spika zangu. Lile lilikuwa wazo pekee nililowahi kulipata mwenyewe kazini ambalo watu walilipenda, na nililipata kwa roho mbaya, na limepewa jina lake. Sikuweza kudai. Ningesema nini? Kwamba ni mimi niliyemtia aibu? Ile kanda yangu ya Kishindo, leo muulizeni mtu yeyote sokoni kama anaikumbuka.

Zikaja CD, zikaja redio za watu binafsi, mwisho kompyuta. Vijana wakachoma nyimbo mia kwenye sahani moja kwa muda wa kunywa soda. Nikafunga duka, nikarudi kulima kihamba, shamba letu la migomba. Nilidhani wivu nao umestaafu. Kisha nikaalikwa kwenye harusi ya mpwa wangu, nikakaa jirani na DJ mwenye kompyuta yake, nikaona kwenye kioo ameandika majina ya mafungu ya nyimbo. Chakula. Keki. Aikande. Nikamwuliza, "Aikande ni nini?" Akasema, "Ni mtindo wa zamani, mzee. Kuna mama mmoja aliuanzisha."

Asubuhi yake nilikata jani la sale kihambani. Kwa sisi Wachagga, ukimkosea mtu unampelekea sale, na aliyepelekewa hakatai. Nikamkuta barazani kwake, bado anashona, sasa cherehani ni ya umeme lakini mguu mmoja unakanyaga sakafu bila kazi. Nikampa lile jani kwa mikono miwili. Nikamweleza kuhusu rege tatu na hausi tatu.

"Nilijua," alisema. "Wimbo ule ulipoanza mguu wangu ulikataa. Nikajua si wangu."

"Mbona ulisimama ukasema ni wewe?"

"Ningesema ni wewe, ungekataa. Mashine yako, kanda umerekodi wewe, na karatasi langu unalo wewe. Tungegombana mbele ya Ndeshi siku ya harusi yake. Gauni nilimshonea mimi, Kishindo. Sikutaka alikumbuke kwa ugomvi."

Nilisema pole. Akaliweka sale juu ya meza, kando ya mkasi.

"Hili nimelipokea, limekwisha. Sasa niambie kilichokuleta."

"Si hicho?"

"Miaka yote hii hukuja. Kuna kingine."

Nilimwangalia, nikaona hakuna haja ya kuzunguka. Nikamwambia nataka watu wajue kwamba ule mtindo wa zawadi ni wangu. Alizima cherehani. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Chukua," alisema. "Sijawahi kuutaka. Mimi niliandika rege, na mpaka leo nasema rege ndiyo ilikuwa sawa. Waambie ni wako. Ila usiwape nusu. Waambie na kwa nini uliufanya."

Ndiyo haya nimewaandikia. Mtindo ni wangu, niliufanya kwa wivu, kumwaibisha mtu aliyenizidi kazi.

Wiki iliyopita niliwasimulia haya wawili kati yenu, kisha tukakutana Jumamosi kwenye harusi. Tulikuwa kwenye mstari wa zawadi nje ya lango, mimi nina blanketi begani. Mmoja alimwita MC akamwambia, "Tuko tayari, tunaingia na Aikande." Akageuka akaniangalia, akaona aibu kidogo, lakini hakusahihisha. Wimbo ukaanza, nikakimbia na blanketi langu.